Chupa Iliyokataa Kubonyea

Swali lililoninyima usingizi mwaka ule wa Mkunya lilikuwa fupi: kwa nini tunaongeza mia mbili sabini na tatu? Aliniuliza mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Somoe, kipindi cha kwanza baada ya mapumziko ya chai, amesimama wima na mikono kaiweka nyuma. Nilikuwa nimeandika ubaoni kanuni ya gesi, ile inayosema kwamba hewa ikipata joto hutanuka, nikawaambia kwamba kabla ya kukokotoa chochote wachukue jotoridi la kipimajoto waliongezee mia mbili sabini na tatu. Somoe akasema, "Madamu, kama hewa ilikuwa nyuzi ishirini, sasa ni arobaini, si imeongezeka mara mbili? Kwa nini tunaongeza hiyo namba kubwa?" Nikamjibu haraka, "Kwa sababu kanuni inataka hivyo." Akasema ahsante, akakaa. Darasa zima likaliandika jibu langu kwenye madaftari, na hilo ndilo lililoniuma. Usiku nililala chali nikijiuliza kama nilikuwa nimewahi kuielewa kemia hata siku moja, au nilikuwa nimeikariri tu kuanzia kidato cha kwanza hadi siku niliyovaa joho.

Mwezi uliopita nilikuwa Mkomaindo, mjini Masasi, nimeinama juu ya beseni la ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, nachagua minene, nikasikia nyuma yangu, "Shikamoo madamu." Nilipogeuka sikumtambua mara moja. Alikuwa amevaa koti jeupe na viatu vya kufunga, anasomea kazi ya maabara, yuko mafunzoni hospitalini. "Marahaba. Somoe?" "Ndiye mimi, madamu. Bado unawaza sana?" Nikamwambia nimepunguza. Akamtazama mama muuza ming'oko, akasema, "Mama, huyu ni mwalimu wangu. Ananunua mihogo pori ya mia tano, tayari kashafikiria mambo kumi." Tukacheka watatu. Hatukukaa muda mrefu, jua lilikuwa kali na yeye alikuwa na haraka. Lakini nilirudi nyumbani na ule mwaka mzima mikononi, na nikaona afadhali niuandike nikiwa bado naukumbuka, maana mimi ni mtu wa kusahau yaliyonifurahisha na kutunza yaliyonitisha.

Nilikwenda Mkunya, kijiji kilicho juu kilimani, kujitolea. Nilikuwa na shahada ya ualimu wa sayansi na hakuna ajira, na shule ile ilikuwa na darasa la kemia lisilo na mwalimu. Nilipanga chumba kwa Mama Bahati, mjane mwenye sauti ya kuongozea kwaya, ambaye nyumba yake ilikuwa na ngazi mbili mlangoni na kisima cha maji ya mvua uani, kimefungwa kwa kufuli. Kule juu maji ni kitu cha kuheshimiwa. Siku yangu ya kwanza nilioga kama tunavyooga kwetu Masasi, nikamaliza ndoo, na jioni nikamsikia akimwambia jirani ng'ambo ya ua, "Mpangaji wangu msomi, lakini anaoga kama bata." Toka siku hiyo nilioga kwa jagi moja. Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza ya kuandikia yenye mguu mmoja mfupi, na dirisha lililotazama mikorosho. Asubuhi za mwezi wa sita ukungu ulikuwa ukiingia hadi ndani, daftari zikawa na unyevu, na Mama Bahati angegonga mlango na kikombe cha uji wa muhogo akiuliza, "Madamu, umelala au umewaza?" Nikimwambia nimelala alikuwa haamini. Tulikula pamoja jikoni: ugali wa muhogo, kisamvu kilichopikwa kwa korosho zilizotwangwa, siku nyingine dagaa. Sijawahi kula vizuri vile tena. Nikifikiria sasa, nadhani nilikuwa na furaha mwaka ule karibu kila siku, ila sikuwa najua, kwa sababu nilikuwa nimeshughulika na kuogopa.

Niliogopa wanafunzi. Niliogopa zaidi Mwalimu Nandonde, aliyefundisha fizikia na alikuwa na miaka mingi kazini, mtu mwema mwenye msimamo mmoja: mwalimu hakosei mbele ya darasa. "Madamu Hawa," angeniambia tukiwa ofisini, akimenya korosho kwa kisu kidogo, "mwanafunzi akikuona umeyumba mara moja, mwaka mzima unafundisha watu wanaokusubiri uanguke. Ukikosea, endelea mbele. Kesho futa kimya kimya." Nilimwamini. Nilikuwa nimejaa makosa, na yeye alikuwa amenipa mahali pa kuyaficha.

Kisha ikaja barua kwamba shule za sekondari zitakutana Masasi kwa maonyesho ya sayansi, na kila shule ipeleke onyesho moja. Wengine walijenga volkano za udongo. Mimi niliamka na wazo nililoliona zuri kupita kiasi. Mkunya iko juu, Masasi iko chini. Huku juu hewa ni nyepesi, kule chini ni nzito, inakandamiza zaidi. Basi tuchukue chupa tupu ya plastiki ya maji, tuifunge kwa nguvu hapa shuleni alfajiri, tuipake nta ya nyuki kwenye kifuniko, tushuke nayo. Tukifika Masasi hewa ya kule itaikandamiza hewa ya huku iliyofungiwa ndani, na chupa itabonyea mbele ya macho ya watu bila mtu kuigusa. Presha ikiongezeka, ujazo unapungua. Kitabu kilisema hivyo, nami niliandika kwenye bango kwa herufi kubwa: CHUPA ITABONYEA.

Jioni kabla ya safari nilimweleza Mama Bahati, akiwa anachochea moto. Alikuwa akishuka Masasi mara kwa mara kuuza mafuta ya ufuta aliyoyakamua mwenyewe, kwenye chupa kama zile zile. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Kubonyea? Zangu mimi zikifika sokoni zinakuwa zimevimba. Ukifungua, fyuu! Inapumua kama mtu aliyepanda mlima." Nikamwambia hizo zina mafuta, ni kitu kingine. "Mafuta nusu, hewa nusu," akasema. Nikamwambia kwa upole kwamba kitabuni ni tofauti. Akageuza chungu, akasema, "Haya. Kitabu kimeshasoma, mimi sijasoma." Nilikwenda kulala nikiwa nimeridhika. Mimi ninayewaza kila kitu, usiku ule sikuwaza.

Somoe ndiye aliyeifunga chupa. Alikuwa na viganja vya mtu anayelima, nikampa kazi hiyo makusudi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwenye baridi, alikaza kifuniko hadi akakunja uso, akazungushia nta, akasoma kipimajoto cha maabara na kuandika kwenye daftari: nyuzi kumi na saba. Tulishuka wanafunzi wanne, mimi, na Mwalimu Nandonde. Chupa aliipakata Somoe.

Ukumbi wa Masasi ulikuwa na bati bila dari, na kufikia saa saba mchana kipimajoto kilisoma thelathini na moja. Waamuzi walipofika mezani kwetu Somoe alieleza vizuri, bila kukohoa, kisha akanyanyua chupa aionyeshe ilivyobonyea. Ilikuwa laini na duara kama ilivyotoka dukani. Haikubonyea, haikuvimba, ilikaa tu. Mwamuzi mmoja, mzee mwenye miwani, akaigonga kwa ukucha. "Ndiyo hii?" Somoe akanitazama. Nyuma wanafunzi wa shule nyingine wakaanza. "Wamakonde wameteremsha chupa!" "Jamani, huko kwao chupa ni maonyesho!" "Iacheni, labda ina haya, igeuzieni mgongo itabonyea!" Watu wakacheka, na kweli ilichekesha, leo hii ningecheka pia. Lakini nilihisi masikio yanawaka. Mzee wa miwani akauliza kwa upole, "Mwalimu, unadhani tatizo ni nini?" Nikamwona Mwalimu Nandonde kando yake, ananitazama kwa macho ya usiyumbe. Nikasema, "Nadhani mwanafunzi hakukaza kifuniko vizuri. Hewa imevuja."

Nimelitafakari neno lile mara nyingi kuliko tarakimu yoyote ya kemia. Lilitoka kirahisi sana. Mzee akaandika kitu, akamwambia Somoe, "Siku nyingine kaza, binti," akahama. Somoe alikunja bango letu vipande vinne, akaliweka ndani ya mfuko, na tulipokuwa tunatoka nje nilimsikia akimwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Mwakani mimi sijiandikishi kemia. Nabaki na historia." Mwenzake akamuuliza kwa nini. "Nilikaza," akasema. "Wallahi nilikaza."

Wao walirudi juu jioni ile ile na Mwalimu Nandonde. Mimi niliaga kwamba nabaki Masasi siku mbili. Sababu niliyoisema ilikuwa kumwona shangazi. Sababu yenyewe ilikuwa Alhamisi: mjomba alikuwa amenitafutia usaili wa ukarani wa ghala kwenye kampuni moja mjini, saa tatu asubuhi, na nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba nikiupata sipandi tena. Nguo zangu Mkunya zingefuatwa na mtu. Kemia wangepata mwingine, aliye mwalimu kweli.

Shangazi alikuwa akikaa Mkomaindo, chumba na sebule, anapika vitumbua vya kuuza asubuhi kwa wanaokwenda hospitali. Nilimwamkia, akaitikia, akautazama uso wangu, akaniwekea wali na kunde kabla ya kuniuliza kitu. Wakati nakula akaiona chupa ikichungulia kwenye mfuko wangu. "Hawa, nani kafunga chupa tupu kwa nta kama kafunga jini?" Nikamwambia iache, ni takataka ya shule. Yeye hatupi chupa. Aliichukua aioshe vumbi, atie juisi ya ukwaju. Alikuwa na beseni la maji aliyoyachota mtungini muda ule ule, ya baridi kabisa, akaizamisha chupa yote humo na kuanza kuisugua nta kwa kidole gumba. Nilikuwa naleta tonge mdomoni. Nikasikia, kwak! Shangazi akaruka. "We! Imeninywea mkononi!" Akaitoa majini. Ubavu mmoja ulikuwa umeingia ndani, shimo la kutosha kuweka yai.

Nilikaa na tonge langu hewani. Kilichonijia kwanza hakikuwa kemia. Kilikuwa: haikuvuja. Chupa iliyovuja isingebonyea, ingevuta hewa ikatulia. Kifuniko kilikuwa kimekazwa toka Mkunya hadi ndani ya beseni hili, na Somoe alisema kweli, na mimi nilimsingizia mbele ya ukumbi mzima. Shangazi akaendelea kunitazama. "Mwanangu, ni chupa tu. Dukani zipo." Nikamweleza yote, pamoja na neno nililolisema. Akasikiliza akikausha mikono kwenye kanga. "Sasa huyo mtoto yuko wapi?" "Juu, Mkunya." "Na wewe uko wapi?" Akaenda kuloweka mchele wa vitumbua.

Jumatano nilishinda na ile chupa kama mgonjwa anayeuguza mgonjwa mwenzake. Alfajiri niliikuta imebonyea yenyewe juu ya meza. Saa nne niliiweka juani, ikajinyoosha, kwak, ikawa duara. Nikaizamisha majini, ikanywea. Shangazi aliwaambia wateja wake, "Mwangalieni msomi wetu, anaogesha chupa." Na polepole, bila kitabu, nilianza kuelewa. Mama Bahati alikuwa sawa na kitabu kilikuwa sawa. Tunaposhuka kutoka Mkunya, mambo mawili hutokea kwa pamoja: hewa ya nje inakuwa nzito na kuibana chupa, na joto linapanda na kuitanua hewa ya ndani. Huyu anasukuma kuingia, yule anasukuma kutoka. Ukumbini walikuwa wamelingana nguvu, ndiyo maana chupa ilikaa kimya. Chupa za mafuta za Mama Bahati zilikuwa zinakaa juani juu ya gari, joto likashinda. Kwenye beseni la shangazi joto liliondolewa, presha ikashinda. Mimi nilikuwa nimefundisha sheria mbili kwa vipindi viwili tofauti, kama vile hewa nayo ina ratiba, asubuhi presha na mchana joto.

Lakini hesabu ilinigomea. Kutoka kumi na saba hadi thelathini na moja ni karibu mara mbili. Hewa ingetaka kutanuka karibu mara mbili, chupa ingepasuka, kilima gani kingeweza kushindana na hilo? Hapo ndipo swali la Somoe liliponirudia, nimekaa kwenye kigoda cha shangazi, na nikazikumbuka ngazi mbili za mlangoni kwa Mama Bahati. Mtoto akisimama ngazi ya pili na mwenzake ngazi ya kwanza, huyu wa juu yuko juu mara mbili, ukipima kuanzia uani. Ukipima kuanzia baharini, nyumba yote ikiwa imekaa juu ya kilima, wako karibu sawa. Sifuri ya kipimajoto ni ua tu. Mtu aliiweka pale maji yanapoganda, kwa sababu maji yanamhusu. Hewa haijui maji yanaganda wapi. Hewa inahesabu kuanzia kwake, chini kabisa, na kutoka kule hadi kwenye ua wetu ni ngazi mia mbili sabini na tatu. Ndiyo maana tunaongeza. Nilikuwa na shahada, nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilikuwa nimeelewa somo la kidato cha tatu kwa mara ya kwanza. Sikuona aibu. Niliona njaa, nikala vitumbua sita.

Mchana ule nilimpigia mjomba. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, lakini alipopokea nilisema tu, "Shikamoo mjomba, kesho sitakuja kwenye usaili, narudi shuleni." Akasema, "Umefikiria vizuri?" Nikamwambia kwa mara ya kwanza nimefikiria kidogo tu. Alikasirika kwa wiki mbili. Saa tisa nilikuwa njiani kupanda, chupa mapajani, na jioni Mama Bahati alinifungulia kufuli la kisima bila kuniuliza chochote isipokuwa kama nimekula. Nikamwambia, "Mama Bahati, chupa zako ulizisema kweli." Akasema, "Mimi sijasoma," na akacheka hadi jirani akauliza kuna nini.

Alhamisi kipindi cha kidato cha tatu kilianza saa tatu kasoro dakika kumi. Mwalimu Nandonde alinikuta mlangoni na chupa, na beseni nililoazima lenye maji ya barafu, kwa sababu huku juu presha ni ile ile ya siku tuliyoifunga na ni baridi kali tu ingeweza kuibonyeza. "Unakwenda kufanya nini?" Nikamwambia ninakwenda kuyumba. Akatikisa kichwa, lakini hakuondoka, alisimama dirishani. Niliingia, wakasimama, "Shikamoo madamu," nikawakalisha. Nikasema, "Jumanne niliwaambia waamuzi kwamba Somoe hakukaza kifuniko. Si kweli. Alikikaza. Mimi sikujua sababu ya chupa kutobonyea, nikamtupia yeye. Somoe, nisamehe." Mtu wa nyuma akanong'ona, "Madamu kaungama kama kanisani," na kicheko kikapita. Somoe alikuwa anatazama dawati. Nikazamisha chupa majini mbele yao, ikalia kwak, ikanywea, na nikamwona ananyanyua uso polepole, anaitazama nta yake mwenyewe ikiwa mahali pake.

Akasimama, mikono nyuma. "Sasa madamu, kama nilikaza, mbona kule haikubonyea?" Nikawapa zile nguvu mbili. Nikawapa ngazi na ua. Kumi na saba ikawa mia mbili tisini, thelathini na moja ikawa mia tatu na nne, na wakajionea wenyewe kwamba hewa haikuongezeka mara mbili, iliongezeka kidogo tu, karibu sehemu tano katika mia. Hapo nikataka kumalizia hesabu nikakwama, kwa sababu sikujua presha ya hewa ya Masasi. Nikasema hivyo kwa sauti: "Hii sijui." Somoe alikuwa hajakaa. "Lakini madamu, si chupa inatuambia? Kama haikubonyea wala kuvimba, basi hewa ya Masasi imeizidi ya kwetu kwa kiasi kile kile cha joto. Sehemu tano katika mia." Nilitazama ubao, nikamtazama yeye. Kile kitu tulichochekewa kilikuwa kimepima uzito wa hewa ya mji mzima, na hakuna mwamuzi aliyeona, wala mimi. Dirishani Mwalimu Nandonde alikuwa amesahau kumenya korosho yake.

Akauliza la mwisho, kengele ikiwa karibu. "Na huko chini kabisa, hewa inakoanzia kuhesabu, kukoje? Hewa inakuwaje pale?" Jibu nililokuwa nalo lilikuwa la kukariri, na nililijua hivyo. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na nusu. Mjini Masasi watu walikuwa wanaitwa mmoja mmoja kwenye usaili. Nikasema, "Sijui vizuri. Nitasoma, nitakujibu Jumatatu." Nikachukua chaki, nikaandika kwenye kona ya ubao, Jumatatu: swali la Somoe, nikapiga mstari chini yake, nikamwomba kiranja wa darasa asilifute.